Staje ya Motere na Kingereza Yangu ya Muzuri

Ii abari inanionyesha mujinga. Naiongea mi mwenyewe, juu bandugu yangu banaiongeaka na chumvi mingi.

Ule mwaka mafuta ilikuwa ya shida, garaji ya serikali apa Nchelenge ilinikubali staje, nijifunze kutengeneza motere ya mashua. Kapita, musimamizi wa garaji, akaniambia: "Mukubwa wa Lusaka atakuya kukuuliza yeye mwenyewe. Umujibu na Kingereza. Ukikosa, atakamata mwingine."

Mi nilimaliza primari tu. Dada yangu, muuzaji wa samaki, njo alinifundisha, tukianika samaki kwa jua.

"Sema: I have been accepted. Bamekwisha kunikubali."

"I am got."

"Ile ni ya mutu polisi alikamata. Rudilia."

Nilirudilia mupaka nikachoka. Niliisema ata kwa mbuzi. Mbuzi pia alichoka.

Sasa, kwetu ku ziwa, muvuvi akirudi na mashua imejaa, ukimuuliza anasema, "Tumekosa." Samaki unaiona kabisa, lakini unamupa pole. Ukitangaza umepata, macho ya batu inakula ile kitu. Mama alitulea na ile adabu.

Mukubwa akafika, suti ya mikono mifupi. Kiwanja ya garaji ilijaa bavuvi banangoja motere yabo, na kati yabo bazazi balitaka ile nafasi kwa batoto yabo. Akaniuliza kwa sauti ya nguvu: ni wewe ulipata staje apa? Batu bote bakanigeukia. Nikasikia macho yabo ku shingo. Kinywa ikajibu yenyewe, bila kukwama:

"No, sir. I have not found anything. I am only passing."

Apana, mukubwa, sikupata kitu, napita tu. Kapita akashika kichwa. Mukubwa akanishukuru, akatazama nyuma yangu, akauliza nani anataka. Kijana mumoja akapandisha mukono. "Yes," akasema. Bakamuingiza.

Tangu ile siku narudi kuanika samaki, mugongo inauma, nasikia motere zinajaribiwa kule ngambo ya barabara. Kisha juma moja kapita akakuya kununua samaki, mikono na mafuta, uso ya kuchoka.

"Ule kijana anajua yes tu," akaniambia. "Namuuliza spana iko wapi: yes. Na wewe, mutoto ya mama yako, ulikataa kazi na Kingereza ya muzuri vile, mukubwa aliniuliza ulisomea wapi."