Ujumbe Unaoondoka Kabla Haujaisha

Lalamiko lilikuwa la sentensi mbili, kwa Kiingereza chenye adabu kuliko kile cha ofisini kwetu: "Samahani kwa usumbufu. Ujumbe wangu huondoka kabla sijamaliza kuuandika."

Kazi yangu ni kupokea malalamiko ya aina hiyo na kutengeneza kilichoharibika. Programu yetu hutumiwa na wazee wanaoishi peke yao na watoto wao walio mbali: mzee anaandika, mtoto anasoma, kila mtu anatulia. Niliifungua, nikaandika ujumbe kwa Kiingereza, ukafika mzima. Nikajaribu kwa Kifaransa, maana hii ni Kanada. Nikamalizia kwa Kiswahili, kwa hiari yangu, nao ukafika salama. Basi nikajibu: "Tafadhali maliza kuandika kwanza, ndipo ubonyeze Enter." Nikalifunga lalamiko. Kazi yote ilichukua dakika nne, na mkuu wangu akanisifu kwa kasi.

Miezi mitatu baadaye, baada ya ibada ya Jumapili, mama mmoja wa kanisani alinivuta kando ya meza ya chai. Ametoka Bukavu, na anahudumia wazee majumbani mwao.

"Ndugu, weye si unatengenezaka kompyuta?"

Nikakiri.

"Kuko mama mumoja wa Kijapani, mutaa wa Parkdale. Naendaka kwake mara tatu kwa juma. Mutoto wake iko Calgary, anasema mama amepoteza akili. Jumamosi anakuja kumupeleka kwenye nyumba ya wazee. Ile ya kufungaka milango."

"Na wewe unaonaje, mama?"

"Miye? Ule mama anakumbukaka siku za likizo yangu kupita miye mwenyewe. Iko na akili mingi kupita weye."

Bibi huyo na mwanawe waliandikiana kwa sababu masikio yake hayakuiweza tena simu. Yule mtoto alikuwa amepiga picha ujumbe aliokuwa akipokea, akaandika tafsiri chini yake na kumtumia huyu mama wa Bukavu, ili naye awe macho. Nikasoma kwenye simu yake: Leo. Leo asubuhi. Leo. Daktari. Leo daktari. Leo. Kurasa na kurasa za namna hiyo. Juu ya kila picha kulikuwa na nembo ya programu yetu.

Jumatatu nikapanda naye hadi kwa bibi, ghorofa ya kumi na moja, mama wa Bukavu na mfuko wake wa mboga. Bibi alikuwa mdogo wa umbo, mnyoofu, mwenye kalenda iliyoandikwa kila kisanduku. Juu ya kompyuta yake alikuwa amebandika karatasi. Ilikuwa jibu langu, limechapwa, na neno "kwanza" limepigiwa mstari mwekundu.

"Nimejaribu kufuata maelekezo," akaniambia kwa Kiingereza. "Sijafaulu bado."

Nikamwambia kwamba maelekezo yale niliyaandika mimi. Akainamisha kichwa, akanishukuru kwa kujibu upesi.

"Ni weye njo uliandika hii?" mama wa Bukavu akauliza kwa Kiswahili.

"Ni mimi."

"Eh! Watu wa Tanzania. Kiswahili mingi, kazi kidogo."

Nikaomba kiti, nikamtazama bibi akiandika. Mambo yalikuwa hivi. Anayeandika Kijapani kwa kompyuta huandika kwanza sauti za neno. Kompyuta humletea maandishi kadhaa yenye sauti hiyo, naye huchagua anayoyataka na kuyakubali kwa kubonyeza Enter. Kisha anaendelea na neno linalofuata. Katika programu yetu, Enter ilikuwa na kazi moja tu: kutuma. Kwa hiyo bibi alichagua neno "leo", na "leo" ikaenda Calgary. Akaanza upya, akafika kwenye "asubuhi", nayo ikaenda. Mwanawe aliandika kwa simu, anachagua maneno kwa kidole, hajawahi kukutana na tatizo hilo.

"Kwa nini hukumwambia mwanao?" nikauliza.

"Programu hii alinipa yeye, siku yangu ya kuzaliwa," akasema. "Alifurahi sana."

Nikajitolea kumwandikia mwanawe maelezo. Akakataa. Mwanawe angedhani fundi amemhurumia mzee.

Ofisini mkuu wangu aliuliza tuna Wajapani wangapi. Nikasema ninayemfahamu ni mmoja. Akasema basi jambo hilo lisubiri toleo la mwezi ujao. Nikasema Wachina na Wakorea nao wanaweza kukwama hivyohivyo. Akauliza kwa nini sikuanza na hilo.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja wa msimbo: mtu akiwa bado anachagua neno, Enter isitume kitu. Jumanne ukafanya kazi kwenye kompyuta zetu zote. Jumatano nikaupeleka Parkdale, bibi akachagua neno "leo", nalo likaenda Calgary. Kivinjari chake kilikuwa na tabia ya kutangaza kwamba uchaguzi wa neno umekwisha kabla tu ya kutoa taarifa ya Enter, kwa hiyo mstari wangu ulikuta hakuna cha kuzuia. Mama wa Bukavu akaenda jikoni. Alinitengea chakula kidogo kuliko kile cha Jumatatu.

Alhamisi nikarudi na marekebisho ya pili. Bibi akaandika "leo", akabonyeza, na neno likabaki palepale. Akalitazama kwa muda. Kisha akaandika kwa dakika arobaini, mgongo wima, akabonyeza mara ya mwisho, ujumbe wote ukaondoka kwa pamoja. Jibu likaja kabla sijavaa viatu. Akalisoma, akanitafsiria.

"Anauliza nani ameniandikia."

Na Jumamosi mwanawe akaja, kama alivyosema. Mimi sikuwepo. Mama wa Bukavu alinipigia simu jioni.

"Aliingia na fomu ya ile nyumba ya wazee mukononi. Akamuweka mama mbele ya kompyuta, yeye akaenda chumbani, akafunga mulango. Miye akaniweka jikoni, nisisaidie. Anaandika maulizo kwa simu yake, mama anajibu kwa kompyuta."

"Anauliza nini?"

"Miye najua Kijapani? Mama anaandika tu, tak-tak-tak. Saa nzima. Halafu nikasikia kicheko kule chumbani. Halafu mama naye akacheka, peke yake, huku."

"Na fomu?"

"Alitoka, macho mekundu. Akaniomba mfuko wa takataka, nikamuonyesha. Halafu mama akamuandikia tena, na mutoto iko palepale mbele yake! Akasoma, akaenda kuosha masahani."

"Kwa hiyo bibi anabaki?"

"Anabaki, ndugu. Jumatatu niko kwake saa mbili."