Vyungu vya Maua

Ptuu! Kazi ile ilimtia kinyaa Fundi Picha tangu siku ya kwanza, na bado aliifanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka mgongo ukazoea.

Ufundi alifunzwa na mjomba wake dukani: kufuta chunusi za maharusi pichani kwa wembe na brashi. Kisha serikali ikamwita. Huko hazifutwi chunusi, wanafutwa watu. Mkubwa akiangushwa, anatolewa kwenye kila picha, na pale aliposimama panachorwa chungu cha maua. Ndiyo desturi ya ofisi. Picha za mikutano zikajaa vyungu, utadhani nchi inatawaliwa na bustani. Wenzake walitaniana, "Nani kachanua leo?" wakacheka huku wakinywa chai. Lo, watu wazima na ndevu zao!

Asubuhi moja msimamizi akamtupia picha mezani. Waziri aliyekamatwa, na nyuma yake dereva ameshika mlango wa gari. Dereva yule ni mdogo wake Fundi, tumbo moja, ziwa moja. Alichukuliwa pamoja na bosi wake, na mama yao mpaka leo hajaambiwa yuko wapi.

"Wote wawili," msimamizi akasema. "Au una neno?"

Maneno alikuwa nayo tele. "Sina, mzee."

Akachora. Na chungu, kwa laana ya Mungu, kilipendeza. "Mkono wako haukosei!" msimamizi akamsifu. Fundi akautazama mkono ule kama mzoga.

Jioni akaenda kwa mama yake amejiapiza: kwenye picha ya ukutani kwake, ile aliyopiga pamoja na mdogo wake, haguswi mtu. Ndiyo pekee iliyobaki. Kufika, picha imeshushwa, iko juu ya kabati, na mbele yake pamewekwa chungu cha maua, cha kweli, kimeuziba uso wa mdogo wake.

"Mama! Nani kakufundisha uchafu huu?"

"Si nyinyi?" mama akajibu. "Picha zenu naziona gazetini kila siku. Wakija kupekua, wakute kazi imeshafanywa, wasinichukulie na hii."

Mama akamshikisha Fundi kopo la maji.

"Haya, mwagilia. Polepole, baba, usimloweshe mwenzio."