Darasa la Jioni la Kaka

Kaka yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na ubishi amezaliwa nao. Kila uchaguzi aliwaona wanawake wa mtaa wetu wasiojua kusoma wakiingia kituoni, karani anawauliza wanamtaka nani, kisha anawawekea alama yeye. Kaka anachemka! Mwishowe akafungua darasa la jioni, bila malipo. Tulikuwa watu wazima ishirini na sita, mimi muuza mboga nikiwemo.

"Kura ni yako," alikuwa akituambia. "Ukijua kusoma, nani atakuchezea?"

Lo, tulihangaika! Jirani yangu, fundi cherehani, aliikandamiza penseli mpaka ikavunjika, tukacheka hadi machozi. Lakini mwaka haukuisha, tukasoma. Siku ya uchaguzi kila mtu aliingia peke yake, tukatoka tumevimba vichwa. Kaka alikuwa getini anajifuta macho, eti vumbi.

Jioni matokeo yakabandikwa mlangoni pa kituo. Mgombea wetu mia tatu na kumi na mbili, mwenzake tisini. Kesho yake ofisi ya uchaguzi ikabandika orodha ya vituo vyote, tukaenda kuangalia. Kituo chetu: mgombea wetu tisini, mwenzake mia tatu na kumi na mbili. Namba tulizijua tangu zamani, sokoni utaishije bila namba? Majina ndiyo tuliyofundishwa na Kaka. Fundi cherehani akaweka kidole kwenye jina, akasoma kwa sauti, akarudia.

Kaka aliandika malalamiko kurasa nne. Kimya. Darasani wakabaki kumi, kisha watatu, kisha mimi tu, kwa kumwonea huruma. Fundi alimwambia usoni, "Mwalimu, zamani nilikuwa naibiwa bila kujua, nalala usingizi wangu vizuri."

Siku ya uchaguzi uliofuata Kaka alinikuta asubuhi nikipanga mboga kibandani, kavaa shati lake zuri.

"Mdogo wangu, twende."

"Siendi."

"Kwa hiyo nilikufundisha ya nini?"

Nilitaka kumfokea, roho ikaniuma. "Kaka, nisingejua kusoma, ningekwenda."

Akavuta kigoda changu, akakaa katikati ya mafungu ya mboga. Wateja walikuja, wakanunua, wakaondoka. Saa ya kufunga vituo ilipita, naye bado amekaa pale.