Mlinzi wa Pikipiki na Kiti cha Mfalme

Ndayambaje huchunga pikipiki nje ya ukumbi wetu hapa Katindo, mjini Goma, nami hukata tiketi mlangoni, kwa hiyo tunaonana kila Jumapili tupende tusipende. Ni mtu mpole, mrefu, anayevaa koti la mvua hata jua likiwaka, na ana ugonjwa mmoja tu: kutaka kujua. Tangu apewe kazi hii hajaona mchezo hata mmoja, maana pikipiki haziachwi peke yake, basi yeye huisikiliza michezo kwa nje. Ukumbi ukicheka atasema, "Hapo muke amekamata bwana." Ukinyamaza atasema, "Mutu amekufa." Watu wakianza kutoka, huwauliza mmoja mmoja imeishaje, na kila mmoja humpa mwisho wake. Hurudi nyumbani na miisho chungu nzima ya mchezo mmoja, ameridhika kabisa. Mimi jambo hilo lilikuwa likinichekesha, mpaka tulipoleta mchezo wa mfalme.

Mchezo wa mfalme hakuna asiyeujua huku kwetu. Padri mmoja aliuandika zamani, na shule za misheni za Rutshuru na Masisi zimeucheza miaka nenda miaka rudi. Mfalme anakwenda vitani, malkia anamngoja, mfalme anarudi. Malkia anapiga magoti, anamwosha miguu, kisha mfalme anasimulia vita vyake kwa hotuba ndefu inayoanza, "Nimevuka mito yenye mamba, nimelala porini mkuki mkononi." Wazee wengi wa mji huu waliikariri hotuba hiyo shuleni kwa kuogopa fimbo. Ndayambaje mwenyewe aliwahi kuwa mfalme akiwa darasa la sita, na ukimpa nafasi atakueleza jinsi alivyopigiwa makofi.

Safari hii aliyeuleta ni Joviale, binti aliyesomea mambo ya jukwaa Kinshasa, akarudi na nywele fupi na maneno mengi. Aliondoa mikuki, akaondoa taji, akaondoa askari wote. Malkia wake anavaa kitenge cha kila siku na anaishi katika kibanda cha turubai, kama vile vya kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya. Na aliyemchagua kuwa malkia hakuwa msanii. Alimchagua Mukashyaka, mama anayefagia ukumbi wetu, mke wa Ndayambaje.

Hapo inabidi niseme jambo ambalo majirani wote walilijua na hakuna aliyelitamka. Vita vilipofika kwao Rutshuru, wawili hao walikimbia na watoto wao, Igiraneza na wadogo zake, hadi Kanyaruchinya. Hawajakaa sana, Ndayambaje akasema anakwenda kutafuta kazi. Aliondoka asubuhi, akapotea zaidi ya mwaka. Mukashyaka aliteka maji, alifua nguo za watu, alimzika mama yake mzazi, yote peke yake. Mwishowe akamhesabu mumewe kuwa amekufa, akaomba misa ya kumwombea. Kisha siku moja mume akatokea, amekonda, akasema, "Nimetoka mbali." Akapewa maji ya kuoga, akapewa chakula. Mukashyaka hakuuliza alikokuwa, na tangu siku hiyo hajauliza. Mimi ningeuliza kabla hajavua viatu, lakini kila mtu na moyo wake.

Mazoezi yalipoanza, Ndayambaje hakunipa raha.

"Mama Charline," aliniambia, "bibi yangu anasema nini mule ndani?"

"Enda umuulize yeye."

"Nilimuuliza. Anasema nitasikia."

"Basi utasikia, papa."

"Anaosha miguu?"

"Beseni iko."

"Na mufalme ni nani? Kila siku ninaangalia hapa, sijaona mwanaume anaingia."

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Beseni lipo, kiti kipo, mfalme hayupo. Alikuwa na hofu kwamba yale ambayo mkewe hakuyauliza nyumbani atayauliza kule ndani, mbele ya watu waliokata tiketi. Hata hivyo alitamani ayasikie. Nilimwona akisogeza jiwe analokalia, kidogo kidogo, kila siku likikaribia dirisha. Nilimcheka, tena nilimwonea huruma, na sikumwambia kitu kwa sababu Joviale alikuwa amenifunga mdomo.

Jumapili yenyewe ukumbi ulijaa pomoni. Mbele kabisa alikaa muzee Evariste, mwalimu mstaafu, na tai yake shingoni. Huyu ndiye aliyewafundisha watoto wa Rutshuru mchezo huo, Ndayambaje akiwa mmoja wao. Pazia lilipofunguliwa na kibanda cha turubai kikaonekana, vijana walicheka, wazee wakaguna. Mukashyaka alichambua maharagwe. Alipanga foleni ya maji, foleni ya mtu mmoja. Alilala, akaamka, akachambua tena. Yote hayo bila neno, na alivyoyafanya taratibu, mtu ungedhani yuko kwake na sisi tunachungulia. Akina mama waliacha kupepea watoto wao, wakatazama.

"Lakini mufalme anafika saa ngapi?" muzee Evariste aliuliza kwa sauti.

Watu wakaangua kicheko. Nikasikia sauti ya Ndayambaje dirishani, nje: "Banacheka nini? Mama Charline, banacheka nini?"

Ndipo Mukashyaka akamimina maji ya moto ndani ya beseni, akaliweka mbele ya kile kiti kitupu, akasimama akiwatazama wanaume waliokaa ukumbini.

"Mufalme amerudi," alisema. "Akuje akae, nitamuosha miguu. Kisha nitamuuliza neno moja tu: ulikuwa wapi?"

Akakionyesha kiti kwa mkono. Huo ndio ulikuwa mchezo wa Joviale. Mfalme alikuwa mwanaume yeyote miongoni mwetu, na mpaka mmoja akubali kukaa pale, mchezo haumaliziki.

Ungewaona! Wanaume waliinama wakaanza kukagua viatu vyao. Mmoja simu yake ililia kwa bahati njema, akatoka mbio akiitikia kabla hajaibonyeza. Wanawake walikuwa wakicheka na kuwasukuma waume zao, "Enda basi, si unapenda kuoshwa?" Achille, motari wa pikipiki za abiria mwenye mdomo kuliko wote mtaani, alisimama kwa kishindo. Watu wakampigia makofi wakidhani anakwenda kwenye kiti. Alikuja mlangoni kwangu, akatoka nje.

Ndayambaje alimdaka hapo hapo. "Imeisha?"

"Itaisha namna gani? Anauliza mutu eti ulikuwa wapi! Mbele ya batu! Hii ni teatri ao ni tribinali ya kuhukumu batu?"

Mzee mwingine alifuata akilalamika kwamba mchezo wa padri umeharibiwa na kwamba hata hotuba wameifuta. Nyuma yake alitoka mama mmoja mtu mzima. Huyu hakuwa na hasira, alikuwa anapenga kamasi na kufuta macho.

"Ni muzuri, papa," alimwambia Ndayambaje. "Sijaona kitu ya kweli kama ile."

"Na mwanaume amekaa kwa kiti?"

"Hakuna. Mama anasimama tu, anangoja."

Nilichungulia ndani. Mukashyaka alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imeshika kitenge, na vijana wa nyuma walikuwa wameanza kupiga miluzi. Joviale alikuwa pembeni ya jukwaa akijiuma kucha. Hasira ilinipanda. Mwanamke amekaa zaidi ya mwaka anangoja kwa kweli, sasa anangojeshwa hata kwa mchezo! Nikatoka hadi kwa Ndayambaje.

"Umetaka kujua," nilimwambia. "Haya, ujue. Bibi yako anasimama pale, maji inapoa, na hakuna hata mwanaume moja katika Goma nzima anaweza kumujibu."

Alitazama dirisha, akatazama pikipiki zake. "Nani atachunga?"

Achille alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake mwenyewe, bado anafoka. "Enda, papa. Nitachunga zote. Afazali pikipiki mia kuliko kile kiti."

Ndayambaje akaingia na koti lake la mvua. Waliomwona kwanza walicheka, wakidhani ni mchekeshaji ametumwa na Joviale. Kisha majirani wakamtambua, na kicheko kikakatika safu kwa safu hadi mbele. Mukashyaka alishtuka, nilimwona. Hakuwa amemtarajia. Ndayambaje akakaa kitini, akavua buti zake, akaweka miguu ndani ya beseni. Mkewe akapiga magoti, akaiosha, mmoja kisha mwingine, bila haraka. Wazee wakafurahi, wakapiga makofi, wakaona angalau hapo padri ameheshimiwa.

"Ulikuwa wapi?" Mukashyaka aliuliza bila kuinua kichwa.

Ndayambaje akafungua mdomo, sauti isitoke. Muzee Evariste alidhani mwanafunzi wake amesahau maneno. Akajongea mbele ya kiti chake, akamnong'onezea kama darasani, "Nimevuka mito yenye mamba..." Mzee wa pembeni akadakia, "Nimelala porini..." Mara nusu ya ukumbi ikawa inaikariri ile hotuba kwa pamoja, wazee kwa akina mama, kila mtu na lafudhi ya shule yake, wakimsukumia maneno yule mtu kitini. Ndayambaje akaanza nao. "Nimevuka mito," alisema, kifua kimeinuka kidogo, na nilimwona mtoto wa darasa la sita aliyepigiwa makofi. Kisha akainua mkono kuwanyamazisha.

"Sake," alisema.

Sake ni hapa tu. Motari anakupeleka na kukurudisha kabla maharagwe hayajaiva. Kijana mmoja nyuma alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akanyamaza.

"Nilikuwa Sake, kwa binamu yangu. Nilikuwa napasua mawe. Wakati batu ya Sake balikimbia, nikakimbia nabo, njo nikafika kwako. Sikutoka mbali, mama Igiraneza. Nilisema mbali juu ya kuona haya."

Niliegemea mlango. Mshumaa wa misa ile niliuwasha mimi kwa mkono wangu, nikalia machozi ya kweli kwa ajili ya roho ya mtu aliyekuwa Sake anapasua mawe. Ningekuwa mimi, beseni lingekuwa kichwani mwake.

Katika mpango wa Joviale, hapo malkia anasema, "Karibu nyumbani," na taa zinazimwa. Joviale akatoa ishara, taa zikazimwa.

"Muwashe," alisema Mukashyaka gizani.

Taa zikawaka. Alikuwa ameshasimama. Alilisukuma beseni kando kwa mguu, akavuta bidoni, yaani dumu la maji, kutoka kibandani, akaikalia mbele ya mumewe, karibu sana, magoti yakigusana. Joviale alikuwa ameshika karatasi zake kifuani na hakujua la kufanya.

"Sake," alisema Mukashyaka. "Haya. Anza na ile asubuhi uliondoka, na usiache kitu."