Springi za Kumbeba Mama

Dada yangu mkubwa alipolala chali chini ya ile pikapu yetu kuukuu, uani kwetu Ruring'u, nilimwambia wazi kwamba amerukwa na akili. Mwalimu mstaafu mzima, nywele zimejaa kutu! Chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imeoza pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, na mimi nilishatafuta mtu wa skrapu, mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Huyo mtu wako akija, atanipata hapa hapa," akasema bila hata kutoa kichwa nje.

Sababu ilikuwa Mama. Mgongo wake ulikuwa umekataa magari. Ya siku hizi yako chini mno, kuinama hawezi. Ya juu yanamrusha mpaka analia. Shamba lake la chai kule Othaya alikuwa hajalikanyaga tangu augue, na kila asubuhi alituuliza kama huko kumenyesha. Kiti cha pikapu kilikuwa kimo chake kabisa. Shida ilikuwa kule kurushwa.

Basi nikamwona dada akikwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akikata palipooza, akishikilia bamba jipya huku fundi wa kuchomelea akipiga moto. Akapima chesisi kona kwa kona kwa kamba ya katani, akarudia, akarudia tena. Aisee, mkono kama ule mimi sina! Kisha akafungua springi, yale marundo ya vyuma bapa, akaondoa vyuma vilivyoongezwa zamani kuzifanya ngumu ili gari libebe magunia ya majani chai.

"Sasa hii itabeba nini?" nikafoka.

"Itabeba Mama."

Nikamshikia spana.

Siku ya safari Mama alikaa katikati yetu, ameuma meno, ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Tulipoacha lami hata mimi nilijikaza. Shimo la kwanza, pikapu ikashuka taratibu, ikainuka taratibu. La pili, vivyo hivyo. Mikono ya Mama ikateremka mapajani. Kugeuka hivi, amelala, ati anakoroma!

Tukafika kwenye lango la shamba. Dada akalipita.

"Wee, tumepita!"

"Najua," akasema, machozi yakimtoka. "Nyamaza, mwache alale."

Tukazunguka vilima vya huko mpaka Mama alipofumbua macho mwenyewe. Akatazama chai dirishani, imelowa, inametameta.

"Kumbe kumenyesha," akasema.