Mwashi Aliyeona Haya Kubisha Hodi Kwake

Saa mbili asubuhi, na Fundi Lipu tayari yuko juu ya jukwaa, mwiko mkononi, anapiga lipu ukuta wa nyumba mpya. Akiwa kazini si mtu wa maneno. Lakini mwenye nyumba akipita chini na kudokeza kwamba ataipangisha wageni wa likizo, fundi anaacha kazi papo hapo.

"Ataisimamia nani?" anauliza. "Basi uwe unakuja kubisha hodi mwenyewe, tena bila taarifa. Usione haya kama mimi."

Kuona haya ndiko kulikomponza. Nyumba yake, vyumba viwili na kibaraza, upande wa pili wa mji, aliijenga kwa mikono yake, Jumapili baada ya Jumapili. Ilipokamilika akamkabidhi shemeji yake, mdogo wa mkewe, aitafutie wageni.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Kisha shemeji akaanza kuja mikono mitupu, anaguna tu: "Wageni hamna, shemeji. Msimu mbovu." Tena akaongeza kwamba wageni, hata wakipatikana, hawapendi kumwona mwenye nyumba akizungukazunguka. Fundi akakaa mbali.

"Sasa shemeji unamkaguaje, jamani?" anasema. "Ningeonekana namdharau ndugu wa mke wangu."

Aliyeumia ni binti yake wa pekee. Alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na ada ilitegemea nyumba hiyo.

"Nilimwita, nikamwambia, mwanangu, nyumba haina wageni, rudi kwanza." Akarudi. Leo anauza viatu dukani.

Mwaka jana fundi alipata kazi ya lipu mtaa uleule wa nyumba yake. Akapanda jukwaa, akageuka. Loo! Kibarazani kwake watoto wanacheza, taulo zimeanikwa kamba nzima.

Akashuka mbio, akabisha hodi. Mama mmoja mcheshi akatoka, akamkaribisha ndani.

"Akanisifia nyumba! Ati wanakuja kila likizo, ila lazima uwahi, maana hujaa upesi. Nimesimama pale na saruji usoni, namwitikia tu ndiyo, ndiyo."

Shemeji alinyang'anywa funguo siku hiyohiyo. Sasa anayesimamia nyumba ni mke wa fundi, na wageni hawakauki. Yeye na huyo mdogo wake hawasemezani hadi leo.

Mwezi uliopita fundi alikwenda chuoni. Wakamwambia binti atapokelewa, ila ataanza upya mwaka wa kwanza. Akamweleza wakiwa kwenye chai ya asubuhi.

"Akasema, 'Nitafikiria, Baba.' Akachukua mkoba, akaenda kazini. Angenifokea, walau ningepumua."

Masomo yanaanza mwezi ujao. Fundi ameshanunua sanduku la nguo, lakini hajathubutu kumwonyesha.

"Akikubali, nitambebea mwenyewe mpaka getini," anasema. "Akikataa, nitamlaumu kwa lipi? Nyumba ilikuwa imejaa watu, mimi nikamtoa mwanangu chuo."