Nyuki Katika Ukuta wa Alawiya

Mtaani kwao Siyu, mtu akitaka kuwachekesha wenzake alikuwa akimwiga Alawiya anavyokimbia. Alawiya alimkimbia paka. Alimkimbia kaa aliyeponyoka jikoni, na siku moja alimkimbia jogoo wa jirani mpaka kiatu kimoja kikabaki uwanjani. Wala hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mjane, mwenye mkono mwepesi wa kushona kofia hata watu wa kisiwa cha Amu wakimwagizia. Lakini woga alizaliwa nao, na watu walikuwa wamezoea kumpenda na kumcheka kwa pamoja.

Aliishi na nduguye mdogo Kamaludin, fundi wa viatu vya ngozi, pamoja na mkewe Tima na binti yao Umi, katika nyumba ya mawe waliyoachiwa na nyanya yao. Chumba cha Alawiya kilikuwa ndani kabisa. Ukuta wake mmoja ulijaa zidaka kutoka chini hadi juu, vile vishubaka vya chokaa iliyochongwa ambamo wazee walipanga bakuli zao za kaure. Chumba hicho ndicho ambacho Umi angekalishwa siku ya harusi yake, na mwaka ule wa 1909 harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Asubuhi moja Alawiya alitia mkono katika kidaka cha tatu ili atoe bakuli aipanguse vumbi. Bakuli ilikuwa ikitetemeka. Akaweka kiganja ukutani, akakuta chokaa ina joto kama mwili wa mtu mwenye homa. Akainama, akatega sikio. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mvumo mzito usiokatika. Kisha kwenye ufa mwembamba wa kidaka akatokeza nyuki mmoja, akapanguza uso wake kwa miguu ya mbele, akarudi ndani.

Alitaka kukimbia, miguu ikakataa. Akabaki palepale amepiga magoti, bakuli mkononi, na kwa kuwa hakukimbia, aliona. Nyuki wa pili alitoka amemburura mwenzake aliyekufa, akamwangusha nje ya ufa, akarudi kazini. Wengine wawili walisimama mlangoni wakipiga mbawa bila kuruka, kama watu wanaopepea jiko. Alawiya alijikuta anapumua. Jua lilipofika kwenye tundu la hewa, bado alikuwa pale.

Hakumwambia mtu. Siku za kwanza alinyamaza kwa hofu, maana alijua wakiambiwa patakuwa na makelele. Siku zilizofuata alinyamaza kwa sababu nyingine ambayo mwenyewe hakuweza kuieleza. Aliketi na kofia yake kandokando ya kidaka, akashona na kutazama. Akajua kwamba akijipaka mafuta mazuri, nyuki huja kumzunguka kichwani. Akijifunika nguo nyeusi, hawatulii. Pumzi ya mtu ikiwaelekea huwakasirisha, na mkono wa haraka huwakasirisha zaidi. Lakini mkono unaokwenda taratibu wanautembelea, wanaukagua, wanauacha. Siku ya nane nyuki mmoja alitembea kwenye kidole chake cha shahada toka ukucha mpaka kiungo cha mwisho. Alawiya hakukitoa kidole. Machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya woga.

Siku ya kumi na moja Tima aliingia bila hodi, mkononi ana ndizi mbivu aliyokwisha kuimenya.

"Wifi, mbona siku hizi hutoki? Ndoo hapa, tupime mapazia ya—"

Hakumaliza. Harufu ya ndizi ilipofika kwenye ufa, mvumo ulipanda ghafla, na nyuki sita saba wakamjia usoni. Tima alitoka na kilio kilichosikika mpaka barabarani.

Siku ileile nyumba ilijaa watu. Kamaludin alikuja na fundi wa kujenga, Bwana Husseini, mtu mnene mwenye sauti ya kujiamini. Husseini aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa.

"Wamejaa toka hapa mpaka pale. Hawa dawa yao moto."

"Harusi haijabakiza hata wiki mbili," alisema Kamaludin. "Fanya uwezalo, Bwana Husseini, uwatoe yeo hii hii."

"Boriti za dari ni kavu," Alawiya alisema taratibu kutoka pembeni. "Moto utashika."

Hakuna aliyemsikia, au walimsikia wakaona ni woga wake wa siku zote. Husseini aliwasha mwenge wa makuti, akauchomeka kwenye ufa. Kufumba na kufumbua chumba kilikuwa cheusi kwa nyuki. Husseini aliutupa mwenge, akakimbia huku amejishika midomo. Kamaludin alimfuata, akajikwaa kizingitini, akaenda kwa magoti. Kule kichochoroni punda aliyefungwa alikata kamba, akapita katikati ya wauza samaki. Na ule mwenge uliotupwa ulishika pazia la mlango, ndimi za moto zikapanda kuelekea darini.

Alawiya hakukumbuka baadaye alivyofika pale. Alikumbuka tu uzito wa mtungi mikononi mwake, na mai yakimwagika, na mvuke, na nyuki kumi au zaidi wakimdunga shingoni na mikononi, naye anaendelea kumwaga. Moto ulipozimika alitoka uani. Watu wote walikuwa wamejibana kwenye kona moja.

"Basi!" alisema. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa nyumba ile kusikia sauti yake kwa ukubwa huo. "Asiingie mtu na moto tena. Nipeni siku moya ya kujitayarisha. Nitawatoa mimi."

Kisha Husseini, midomo imevimba kama maandazi, akacheka kwa uchungu.

"Wewe Bi Alawiya? Wewe uliyemkimbia kaa?"

"Mimi niliyemkimbia kaa, Bwana Husseini. Nawe umewakimbia nyuki. Sasa nipishe."

Umi, bibi harusi mwenyewe, akamshika baba yake mkono. "Baba, mwachie shangazi."

Siku iliyofuata Alawiya alijitayarisha. Alimwomba Kamaludin gogo la mnazi lililooza katikati, akalikomba mpaka likawa wazi kama ngoma, akaziba upande mmoja kwa ubao. Alikata vijiti, akasokota nyuzi za kofia zake. Na alfajiri ya pili, baada ya kuswali, alivaa kanzu nyeupe ya marehemu mumewe, akajifunga uso kwa kitambaa chepesi cha melimeli, asijipake mafuta wala manukato. Katika chetezo cha udi alitia makumbi ya nazi na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Hakutaka moto, alitaka moshi tu.

Aliingia peke yake. Akapuliza moshi kwenye ufa kidogo kidogo, akangoja mvumo ushuke. Akachukua tindo ya Husseini, akaanza kubandua chokaa kipande kimoja baada ya kingine. Bamba la mwisho la kidaka lilipomjia mikononi, aliliweka chini taratibu.

Masega yalining'inia humo kama mapazia yaliyopangwa na mtu mwenye akili, kila moja refu kama mkono toka kiwiko hadi vidole, meupe pembeni na ya rangi ya shaba katikati. Kwa miaka mingi nyanya yake alikuwa akilala kwa kuuegemea ukuta ule, na nyuma yake palikuwa na uwazi mtupu, mpaka hawa walipokuja kuufanya mji.

"Subhana-llah," alisema kwa sauti ndogo, akashika kisu.

Masega ya asali aliyatia kwenye sufuria. Masega yenye majana, watoto wa nyuki, aliyafunga kwenye vijiti kwa uzi wa kofia, akayapanga ndani ya gogo kama yalivyokuwa ukutani. Alidungwa mara tisa, akawa anahesabu. Kila alipodungwa alisimama, akangoja maumivu yapite, akaendelea. Na kwenye sega la mwisho alimwona mama yao, mrefu kuliko wote, mwenye tumbo lililochongoka, anatembea na wenzake wakimpisha njia. Alawiya aliweka kiganja chake. Mama wa nyuki akapanda. Akambeba hivyo, pole pole, mpaka kwenye mlango wa gogo, akamwacha aingie.

Kisha akaketi chini akatazama. Kwanza waliingia wachache. Halafu wale wa mlangoni wakainua mikia wakapiga mbawa, na waliobaki ukutani wakashuka, wakavuka sakafu kwa miguu, safu baada ya safu, kama watu waendao sala ya Ijumaa. Ilichukua asubuhi nzima. Alipofunga mdomo wa gogo kwa kitambaa, ukutani hawakubaki hata ishirini.

"Kamaludin!" aliita. "Njoo unishikie upande wa mbele."

Kamaludin alikuja. Uso ulikuwa umemwiva kwa jasho. Walilifunga gogo kwenye mti wa kubebea, wakalibeba, yeye mbele na dada yake nyuma.

"Dada, wanavuma."

"Wanavuma, ndio. Tembea taratibu, ndugu yangu. Usipumue kwa nguvu."

Wakapita hivyo mjini mchana kweupe, Alawiya amevaa kanzu ya kiume, nyuki wachache waliochelewa wanamzunguka kichwani. Watu walijisukuma ndani ya milango yao. Mwanamke mmoja juu darini alianza kupiga vigelegele, wa pili akapokea, na vigelegele vikatangulia kila kichochoro walichokikaribia, mpaka wakatoka mjini wakafika shambani, wakaliweka gogo kwenye panda ya mkorosho.

Asali ilijaza mitungi mitatu. Umi alikalishwa ndani ya chumba kile, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa mbichi, na wageni walikula mikate ya mofa na asali iliyotoka nyuma ya kiti cha bibi harusi. Husseini aliyeziba ukuta hakutaka ujira. Aliomba kibuyu kimoja cha asali, naye mwenyewe akamsimulia kila aliyekula naye habari nzima, hata pale alipokimbia.

Mwaka uliofuata Alawiya alikuwa na mizinga minne, kisha tisa. Nta yake ilinunuliwa na mafundi wa viatu, maana uzi uliopakwa nta haukatiki. Watu wa Pate walisikia habari zake, nao wakamwita. Watu wa Shela walimpelekea mashua, akaipanda akiwa amefumba macho njia nzima, na alipofika akawatoa nyuki katika sanduku la maharusi la mtu bila kuvunja hata bawaba. Aliwafundisha wanawake watano, wa kwanza akiwa Tima.

Mwaka 1914 nyuki waliingia katika mihrabu ya msikiti mdogo wa mtaani kwao. Siku tatu watu walisali uani juani. Siku ya nne Bwana Muhdhar, mzee wa msikiti ambaye kwa miaka yote hakuwahi kusema na Alawiya zaidi ya salamu, alikuja mwenyewe mpaka barazani, akasimama.

"Bi Alawiya," alisema, "tumekuja kukuomba. Sisi tumeshindwa."

Alawiya alitia udhu, akavaa kanzu nyeupe, akachukua chetezo na mzinga mtupu. Wanaume walikuwa wamejipanga kichochoroni pande zote mbili. Walipomwona walibana migongo ukutani ili apite, na Bwana Muhdhar akamfungulia mlango kwa mkono wake.

Aliingia kwa mguu wa kulia. Kabla ya adhana ya adhuhuri alitoka, mzinga kifuani, mama wa nyuki akiwa salama ndani yake, na hakudungwa hata mara moja. Wanaume walianza kuingia kusali. Yeye aliushika mzinga vizuri, akashika ndia ya shambani, akitembea polepole katikati ya barabara.